Soma tope kabla ya kupanda: mwongozo wa kuijua mikoko na mahali pa kila mmoja

Mara ya kwanza niliposhiriki kupanda mikoko tulikuwa umati: vijana wa kijiji, wanafunzi, akina mama wa kikundi, na wageni waliokuja na fulana mpya. Tulijipanga mistari kwenye tope tupu lililo mbele ya msitu, upande wa bahari, tukachomeka mbegu za mkoko kwa mamia mpaka maji yakaanza kutupanda vifundoni. Picha zikapigwa, tukanywa soda, tukaenda zetu. Zilipopita bamvua mbili, zile siku za maji makubwa, nikarudi pale na mzee mmoja aliyekuwa mkata boriti enzi za ujana wake. Vijiti vilivyobaki ungevihesabu kwa vidole, navyo vimegandwa na magamba ya bahari hadi vikainama. Mzee alisimama kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, mmeulaza mkoko kitandani kwa mlilana."

Mlilana ni mti mwingine wa pwani, na maneno hayo sijayasahau. Tangu siku ile sipandi mti wa pwani kabla sijajua pale pana kitanda cha nani. Hapa naandika jinsi ya kulijua hilo, hatua kwa hatua, kwa yeyote anayeishi karibu na hori (mkono wa bahari unaoingia bara), mlango wa mto au ufuo wenye tope, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, Unguja na Pemba.

Neno moja kuhusu majina kwanza. "Mikoko" ni jina la jumla la miti yote inayoota ndani ya maji ya chumvi, lakini mkoko wenyewe ni mmoja tu kati yao, ule wa mizizi ya mikongojo. Kwetu Kenya hutajwa aina 9, na nyingi kati ya hizo utazikuta pia Tanzania, ila majina hubadilika ukivuka mpaka: muia wa Kwale ni msinzi wa Tanga, na kikandaa cha Kenya huitwa mkandaa dume upande wa pili. Ukifika kijiji kigeni, uliza wenyeji wanauitaje mti, ukiwaonyesha kwa kidole. Usitegemee jina peke yake.

Hatua ya 1: Yajue maji ya mahali pako

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu mara 60 kwa mwezi. Ila haijai kwa kiasi kimoja. Wakati wa bamvua, baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hayapandi juu wala hayatoki mbali. Kwa hiyo kuna ardhi inayofunikwa kila maji yanapojaa, kuna inayofunikwa nusu ya siku za mwezi, na kuna inayoonja maji siku chache tu za bamvua. Mgawanyo huo ndio unaopanga miti. Udongo una sehemu yake, chumvi ina sehemu yake, lakini maji ndiyo mwenye nyumba.

Chukua vijiti sita hivi vilivyonyooka. Vichomeke kwa mstari mmoja kuanzia mwisho wa miti upande wa bahari hadi mahali ambapo nyasi za nchi kavu zinaanza. Vipake chaki kuanzia usawa wa ardhi hadi kiunoni. Kila siku maji yakishatoka, pita uangalie chaki imefutwa mpaka wapi, uandike, kisha upake tena. Nusu mwezi inatosha, kwa kuwa ndani ya siku 15 hivi utakuwa umeona maji mafu na bamvua. Wengi huona uvivu hatua hii na kukimbilia kupanda, nami nasema ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili la vijiti.

Hatua ya 2: Ingia msituni maji yakiwa yanatoka

Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita hivi, kwa hiyo ingia maji yanapotoka, uwe umeshatoka kabla hayajaanza kukuzunguka nyuma, maana vijito hujaa kabla ya uwanda. Vaa viatu vya kufunga, hata vibovu. Mizizi ya mikoko hugandwa na chaza, na gamba la chaza hukata wayo kama wembe. Beba maji ya kunywa, daftari na kalamu ya risasi, kwa kuwa ya wino hulowa. Panga liache nyumbani, huna la kukata. Na usiingie peke yako. Mchukue mvuvi wa kaa koko akuongoze, yeye anajua tope linalobeba mtu na lile linalomeza.

Hatua ya 3: Tazama mizizi kwanza, kisha jani, kisha tunda

Mgeni hutazama majani juu, na majani ya mikoko kwa mbali yote yanafanana: manene, ya kijani, yanayong'aa. Wewe tazama chini. Anzia upande wa bahari, urudi nyuma taratibu.

Mti wa kwanza kukutana na mawimbi ni *mlilana*. Chini yake tope lote limejaa mizizi iliyosimama wima kama pembe, minene kwa chini, myembamba kwa juu, mingine kufika kiganjani ukiwa umechutama. Hiyo ni mizizi ya kupumulia, kwa sababu tope halina hewa. Jani la mlilana ni la mviringo na nene. Ua lake hufunguka usiku, limejaa nyuzi nyeupe kama brashi, na asubuhi utazikuta nyuzi zimetapakaa juu ya maji. Tunda ni la kijani, limekaa kwenye kikombe chenye ncha kama nyota, na kijimkia kirefu kimebaki juu yake. Lamu mafundi huutafuta mlilana kwa mataruma ya jahazi, kwa kuwa matawi yake yamepinda yenyewe kama mbavu. Kitanda chake ni tope lenye mchanga, linalofunikwa kila maji yanapojaa.

Nyuma yake ndipo anapokaa *mkoko* mwenyewe. Huu huhitaji kuelezwa sana. Mizizi yake hutoka kwenye shina juu ya ardhi, ikapinda na kujichimbia tope pande zote kama mtu anayejiegemeza kwa mikongojo kumi. Geuza jani lake: mgongoni lina vidoa vidogo vyeusi, na kwenye ncha pana kijimwiba. Kinachoning'inia kama fimbo ya kijani, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, watu huita mbegu, lakini kwa kweli ni mche kamili ulioota ukiwa bado juu ya mti. Hupenda tope laini, lile linalokuzamisha mpaka goti, kando ya vijito.

Ukiendelea kurudi nyuma tope linaanza kukaza. Hapo utauona *muia*, mti mrefu ambao mizizi yake hutoka ardhini, hupinda na kurudi chini, kama magoti ya watu waliokaa jamvini. Kikombe cha ua lake ni chekundu chenye vidole vingi, na hubaki kichwani mwa mbegu hata inapoanguka. Mbegu yenyewe ni fupi, nene na laini kama sigara kubwa.

Muia mara nyingi huchanganyika na *mkandaa*, na hapa ndipo wanafunzi wangu hukosea kuliko popote. Mkandaa ni mfupi, mara nyingi hauzidi kimo cha mtu wawili, majani yake yana umanjano kidogo na ncha yake ni butu, imebonyea katikati. Njia ya uhakika ni mbegu: ishike, uizungushe vidoleni. Ya mkandaa ni nyembamba, ina mistari iliyoinuka kuanzia juu mpaka chini, unaihisi kabisa hata ukifumba macho. Ya muia ni laini, na ya mkoko ni ndefu yenye vipele. Nimewafundisha watoto wa darasa la nne kwa kuwafunga kitambaa usoni na kuwapa mbegu tatu, na ndani ya nusu saa hakuna aliyekosea. Gome la mkandaa ndilo lililokuwa likitia rangi na kulainishia ngozi. Ardhi yake ni ngumu kidogo, hupata maji kuanzia bamvua inapokaribia mpaka inapoisha.

Kisha yupo *mchu*, ambaye amewachanganya hata wataalamu. Mizizi yake ya kupumulia ni myembamba kama penseli, mamia kwa mamia, imesimama kuzunguka mti kama uwanja wa misumari. Mgongo wa jani ni mweupe wa majivu. Ukitaka uhakika, nenda mchana wa jua, chagua jani linalometameta, ulilambe. Ni chumvi tupu. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa jani, na punje zake unaziona kwa macho. Sasa linalochanganya ni hili: mchu una vitanda viwili. Hori la Gazi, Kwale, utaukuta mbele karibu na bahari, mirefu na minene, halafu upotee, upite mkoko na mkandaa wote, kisha uukute tena nyuma kabisa kwenye ardhi ya chumvi kali, mifupi kama vichaka, mingine haifiki kifuani. Ni mti uleule. Anayeuona mmoja tu akasema "mchu ni wa mbele" au "mchu ni wa nyuma" atapanda nusu ya ukweli.

Nyuma hapo pia ndipo kilipo *kikandaa*, kijiti kidogo chenye majani manene kama kijiko kidogo kilichobonyea ncha na maua meupe madogo, bila mizizi ya ajabu yoyote juu ya ardhi.

Waliobaki ni wapenzi wa maji matamu. *Mkomafi* utautambua kwa gome lake laini linalobanduka vipande na kuacha madoa kama ya mpera, kwa mizizi iliyolala juu ya tope kama mbao zilizosimamishwa ubavu zikipinda kama nyoka, na kwa tunda la mviringo, kubwa kama mpira wa watoto, rangi ya udongo. Likipasuka, mbegu za ndani zimepangana kwa pembe pembe. Ukishazitawanya, kuzirudisha zilivyokuwa ni kazi ya asubuhi nzima. Una nduguye mdogo, mkomafi dume, wenye gome lililopasuka-pasuka. Na *msikundazi* ni wa kwenye milango ya mito mikubwa, kama Tana na Rufiji. Mgongo wa jani lake ni wa fedha, tunda lake ni gumu kama mti na lina ukingo mmoja ulioinuka kama tanga, nalo huelea hivyohivyo likisafiri. Milingoti mingi ya majahazi ilitoka kwake.

Hatua ya 4: Soma mpaka wa juu, mahali mikoko inapoishia

Hapa watu wengi hawaangalii, na hapa ndipo pana habari nyingi. Mara nyingi nyuma ya mchu mfupi utafika kwenye jangwa la chumvi, uwanja mtupu mweupe unaong'aa mchana. Maji ya bamvua hufika pale, hukauka, chumvi ikabaki. Mimea michache ya kutambaa yenye majani yaliyovimba maji ndiyo inayoweza kukaa kandokando. Ukikuta uwanja kama huo, usidhani ni msitu uliokatwa. Huenda haukuwa na mti maisha yake yote. Nimeona watu wakiutoboa mashimo kwa sururu ili wapande mkoko, na jua likaikausha miche kabla ya wiki kwisha.

Lakini ukiona makangaga, yale majani marefu ya kinamasi yaliyosimama kama makuti, au matete, au mkindu ambao ukindu wake mama zetu husukia mikeka, basi maji matamu yanachuruzika hapo kutoka bara. Hicho ni kitanda cha mkomafi, na kama ni mlango wa mto mkubwa, cha msikundazi.

Upande wenye mchanga mambo ni mengine kabisa. Mlakasa hutambaa kwanza na maua yake ya zambarau, ukishika mchanga usipeperuke. Nyuma yake huja mkadi. Na mara nyingi utakuta mivinje, iliyopandwa kwa safu. Watu wa bara wakifika kwetu huuita mvinje msonobari, na siwalaumu, maana kwa mbali una sindano na vijitunda kama vya msonobari, na upepo ukipita hulia vilevile. Chukua "sindano" moja uivute taratibu kwa vidole viwili: itaachia kipande kwa kipande, kama miwa midogo inayokatika kwenye pingili. Msonobari hauna pingili. Sindano ya mvinje ni tawi jembamba, na majani yake halisi ni vijigamba vidogo mno vilivyozunguka kila pingili. Mvinje hustahimili mchanga usio na rutuba kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni hewani. Bamburi, Mombasa, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza mwaka 1971 kuotesha miti kwenye machimbo ya matumbawe yaliyobaki uchi, alijaribu aina 26, zikapona tatu tu, na mvinje ukawa ndio uliofungua njia kwa mingine. Vijiti vyake vilivyokauka vilirundikana chini bila kuoza mpaka wakaletwa majongoo wa kuvila. Ni mti wa kuheshimiwa, lakini mahali pake ni mchanga mkavu. Usiupeleke topeni, na usiung'oe mlakasa ili kuupisha.

Hatua ya 5: Jiulize kwa nini pale hapana miti

Mahali palipo wazi pana sababu. Kama walikata boriti au kuni na miche haijarudi, chunguza kama miti mama yenye mbegu ipo karibu na kama maji bado yanaingia. Boriti zetu zimejenga mbali: kwa karne nyingi majahazi ya Lamu na Rufiji yalizipeleka Oman na Ghuba, na vyumba vya nyumba za kale za mawe vina upana uleule mwembamba kwa sababu boriti haikuwa na urefu zaidi. Kenya ilizuia kuzipeleka nje mwaka 1982. Sehemu zilizokatwa wakati huo nyingi zilirudi zenyewe, pale maji yalipoachwa yapite.

Kama barabara, tuta la shamba la chumvi au bwawa la samaki limeziba kijito, kupanda ni kupoteza nguvu. Zibua kijito kwanza. Mara nyingi hata hutahitaji kupanda, maji yenyewe yataleta mbegu.

Na kama ni udongo kutoka bara uliofukia mizizi, jua kwamba tatizo liko juu ya mto. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hori la Mwache, Mombasa, mizizi ya kupumulia ikafukiwa, sehemu kubwa ya mikoko ikafa imesimama. Mti unaopumua kwa mizizi ukiifukia umeuziba pua.

Tope lililo mbele ya msitu ambalo halijawahi kuwa na mti, kama lile tulilopanda sisi na fulana zetu, liache. Ni malisho ya ndege na kaa, na mara nyingi limefunikwa na maji muda mrefu kuliko mche unavyoweza kustahimili.

Hatua ya 6: Omba ruhusa

Mikoko Kenya na Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, hata ule ulio nyuma ya jiko lako. Kenya nenda KFS (shirika la serikali la misitu) na chama cha jamii cha misitu cha eneo lako; Tanzania Bara nenda TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na serikali ya kijiji; Zanzibar idara ya misitu na shehia. Waone pia kamati ya wavuvi, maana kijito unachotaka kukipanda huenda ndiyo njia yao ya mitumbwi.

Hatua ya 7: Kusanya mbegu zilizoiva, karibu na unapopanda

Usivunje matawi, wala usichume mbichi. Ya mkoko, tazama pale inaposhikana na tunda lake: pana pete. Ikiwa ya manjano, imeiva, na ukiizungusha kidogo inaachia yenyewe. Ikigoma, iache. Mkandaa nao pete yake hupiga manjano. Muia subiri zianguke, uchague zilizoanza wekundu wa kahawia. Kagua kila moja; yenye tundu la mdudu ikitiwa kwenye tope haitafika mbali.

Mbegu za mkoko ziweke kivulini chini ya gunia lenye unyevu siku chache, hata wiki, kabla ya kuzipanda. Kaa hupenda zile mbichi zilizotoka mtini sasa hivi, na zikikaa kidogo huwa hazimvutii sana.

Mchu ni tofauti. Vitunda vyake bapa viokote vinapoanza kupasuka, uviloweke usiku mmoja mpaka ganda liachie. Ukiona vile vijani viwili vya ndani vimekunjamana pamoja, viko tayari. Mlilana unahitaji subira zaidi: tunda lililoiva huloweshwa na kupondwa, na mbegu zake ndogo zaidi ya mia huchujwa kama mtu achujaye nazi.

Hatua ya 8: Kitalu, au moja kwa moja?

Mkoko, muia na mkandaa waweza kuchomeka moja kwa moja mahali palipotulia. Mchu, mlilana na mkomafi ni bora zipitie kitaluni. Weka kitalu mahali panapofikiwa na maji ya bahari siku kadhaa za mwezi, lakini pasipo na mawimbi. Jaza viriba tope la palepale utakapopanda, lisilo na mbolea yoyote. Ya mchu hailazwi ndani ya udongo, huwekwa juu tu, ikabonyezwa kidogo. Ya mkomafi huzikwa nusu. Ezeka kivuli chepesi cha makuti, na mwezi mmoja kabla ya kupanda kiondoe ili miche izoee jua. Miezi mitatu hadi sita inatosha.

Miche iliyoota yenyewe chini ya mama yake, ikiwa imesongamana, waweza kuihamisha. Ichimbe na tope lake lote, usiivute kwa shina.

Hatua ya 9: Panda

Rudi kwenye vijiti vyako vya chaki. Panapofikiwa na maji kila siku na tope ni laini, panda mkoko. Panapofunikwa karibu nusu ya siku za mwezi, muia, na kwa nyuma kidogo mkandaa. Panapofikiwa na bamvua tu, mchu na kikandaa. Linganisha na miti iliyopo upande wa kulia na kushoto kwa usawa uleule wa ardhi: ikiwa jirani ni mkandaa na wewe umeshika mbegu ya mkoko, simama.

Ardhi ya chini ipande siku za maji mafu, ili miche ijishikize kabla ya bamvua kuja kuisukuma. Ya juu fanya kinyume, ipande bamvua inapoanza, ipate kulowa. Mbegu ya mkoko ichomeke theluthi moja ya urefu wake, ncha iliyochongoka chini. Nasema hili kwa kuwa nimeona safu nzima zilizopandwa vichwa chini na watu wenye nia njema kabisa. Nafasi ya mita moja kati ya mche na mche inafaa. Acha vijito wazi.

Kabla ya kuanza, kama unaweza, katembelee mahali pa kujifunzia. Gazi pana daraja la mbao la akina mama wanaokutembeza mtini kwa mti. Mida, karibu na Watamu, lipo jingine, na Unguja lipo Pete, ndani ya hifadhi ya Jozani. Gazi utaona pia mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unalinda hekta 117 na kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko huinasa, na fedha zake zimepeleka maji kijijini na vitabu shuleni.

Hatua ya 10: Rudi

Miezi mitatu ya kwanza pita kila wiki. Ondoa mwani na nyavu zilizojizungusha kwenye miche, kwa kuwa maji yakivuta mwani huvuta na mche. Zungumza na wenye mbuzi, maana mbuzi akishaonja mchu harudi nyuma. Penye magamba yaliyogandia shina, yakwangue taratibu kwa kidole, na ujue kwamba yakirudi kila mara, hapo ni chini mno. Hesabu mistari ileile kila mwezi, uandike. Miche ikifa zaidi ya nusu, usizibe mapengo kwanza. Rudi hatua ya 5.

Kisha, mwaka wa pili au wa tatu, katikati ya safu zako, angalia miche ambayo hukuipanda. Mara ya kwanza kwangu ilikuwa mikandaa minne iliyojiotea kati ya mikoko yetu, nyuma kidogo ya mstari wa tatu. Kijana mmoja alitaka kuing'oa kwa kuwa haikuwa kwenye mstari. Nikamshika mkono, tukaifungia vitambaa vyekundu ili isikanyagwe, na usawa ule wote mwaka uliofuata tukaupanda mkandaa.